Sukari bandia: Jinsi ya kutenganisha ukweli na uvumi

WAKAZI wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Umoja, Kayole na Dandora, wamesikia mengi kuhusu viongeza utamu ambavyo wengi huviita sukari bandia. Kuna wanaoambiwa kwamba soda 'isiyo na sukari' huleta saratani. Wengine huhakikishiwa kinyume chake: kwamba anayetumia bidhaa hizo amejikinga na kisukari na anaweza kula na kunywa apendavyo.

Kauli zote mbili zimepotoka, na kila moja inaweza kumdhuru anayeiamini. Makala haya yanaeleza viongeza utamu hivyo ni vitu gani, wataalamu wamesema nini hasa kuvihusu, na namna msomaji anavyoweza kuipima habari yoyote inayomfikia kabla ya kuifuata.

Jambo hili si la anasa. Utafiti wa Kituo cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya Barani Afrika (APHRC) katika mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani, uliochapishwa mwaka wa 2013, ulibaini kwamba kati ya watu wazima 4 na 5 kwa kila 100 walikuwa na kisukari. Chini ya robo yao ndio waliojua kuwa wanaugua. Waliokuwa wameudhibiti ugonjwa wenyewe hawakufika 5 kwa kila wagonjwa 100.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza nao ulionyesha kwamba takriban Wakenya wazima 88 kwa kila 100 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari ya damu. Palipo na wagonjwa wengi wasiojijua, uvumi hupata soko.

MAJINA NA NAMBA

Sukari bandia si kitu kimoja. Ni kundi la kemikali na dondoo za mimea zenye utamu mkali kuliko sukari ya miwa, kiasi kwamba chembe ndogo hutosha kukoleza glasi nzima. Kila moja ina historia yake na kiwango chake cha usalama. Habari inayosema 'sukari bandia ni sumu' bila kutaja ni ipi tayari ina kasoro.

Majina yake kwenye lebo huandikwa kwa Kiingereza na aghalabu kwa herufi ndogo mno. Hata hivyo, kuna namba za kimataifa ambazo hazibadiliki, ziwe zimetanguliwa na herufi E au INS. Msomaji anaweza kuzinakili na kwenda nazo dukani:

950 – asesulfamu-K
951 – aspatami
952 – siklamati
954 – sakarini
955 – sukralosi
960 – dondoo za stevia

Aspatami ina utamu wa takriban mara 200 ya sukari, sukralosi mara 600. Mara nyingi watengenezaji huchanganya viongeza viwili au vitatu katika kinywaji kimoja, na wengine huvichanganya na sukari ya kawaida. Kwa hivyo, kuwepo kwa namba hizi hakumaanishi kwamba sukari haimo.

Kundi jingine ni la sobitoli (420), zailitoli (967) na erithritoli (968). Hizi hutumika sana katika chingamu na peremende, na sobitoli au zailitoli zikiliwa kwa wingi huweza kuharisha. Miongozo inayotolewa kuhusu kundi la kwanza haihusu kundi hili, ingawa wengi huyachanganya.

Stevia nayo hunadiwa kuwa salama kwa sababu ni mmea. Ni kweli kwamba asili yake ni Paraguay na kwamba imewahi kulimwa na wakulima wa Kericho. Lakini kilichoidhinishwa kimataifa ni dondoo iliyosafishwa, nayo imewekewa kiwango cha matumizi kama zilivyowekewa nyinginezo. Kitu kuwa cha asili si ushahidi kwamba hakina madhara.

HOFU YA TANGU ZAMANI

Sakarini iligunduliwa mwaka wa 1879 na Constantin Fahlberg katika maabara ya Ira Remsen, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Iliuzwa karibu karne nzima kabla ya kisa kilichoitia doa. Mnamo 1977, baada ya utafiti wa Canada kuonyesha kwamba panya waliolishwa sakarini nyingi walipata saratani ya kibofu cha mkojo, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilipendekeza ipigwe marufuku. Bunge la nchi hiyo lilizuia marufuku hayo, lakini likaagiza kila kifurushi kiwe na onyo.

Watafiti waliendelea kuchunguza. Walibaini kwamba mkojo wa panya dume una hali ambayo sakarini nyingi huifanya itoe vijiwe vidogo vinavyokwaruza kibofu, hali isiyotokea kwa binadamu. Mnamo 1999 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) liliishusha sakarini hadi kundi la vitu visivyoweza kuhukumiwa kwa ushahidi uliopo. Mwaka uliofuata, Marekani iliiondoa kwenye orodha ya vitu vinavyoshukiwa kuleta saratani na kufuta lile onyo.

Siklamati ilipata hatima tofauti. Marekani iliipiga marufuku kuanzia 1969 na haijairuhusu tena, ilhali nchi nyingi nyingine zinairuhusu kwa viwango maalum. Kwa hivyo anayesema 'imepigwa marufuku ng'ambo' huenda anasema kweli. Swali ni: ng'ambo ipi, lini, na je, waliochunguza baadaye walisema nini?

Aspatami iligunduliwa mwaka wa 1965 na James Schlatter, mkemia wa kampuni ya G.D. Searle. Kuanzia mwisho wa 1998, barua pepe iliyotiwa jina la Nancy Markle ilizunguka duniani ikidai kwamba kiongeza hicho huleta msururu wa magonjwa ya neva na kinga ya mwili. Barua hiyo haikutaja utafiti wowote ambao msomaji angeweza kuutafuta, ila ilimsihi aisambaze kwa wenzake. Ujumbe mwingi unaopitishwa siku hizi kwenye simu umefinyangwa kwa udongo uo huo.

KILICHOSEMWA MWAKA WA 2023

Mkanganyiko mkubwa wa karibuni ulitokana na matangazo mawili yaliyotolewa kwa muda wa miezi miwili.

La kwanza ni la Mei 15, 2023. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kwamba viongeza utamu visivyo vya sukari visitumiwe kama njia ya kupunguza uzani wala ya kujikinga na magonjwa yasiyoambukiza. Ushauri huo ulitokana na mapitio ya tafiti 283. Katika majaribio ya muda mfupi, waliovitumia badala ya sukari walipungua uzani kidogo. Katika tafiti zilizowafuatilia watu kwa miaka mingi, watumiaji walionekana kupata kisukari na magonjwa ya moyo zaidi kuliko wengine.

Yafaa kutua hapo. Tafiti za kufuatilia haziwezi zenyewe kuthibitisha chanzo. Mtu aliyenenepa au aliyeanza kuonywa na daktari ndiye huwa mwepesi kuacha sukari, kwa hivyo huenda ugonjwa ndio uliomfikisha kwenye sukari bandia wala si kinyume chake. WHO yenyewe ilikiri hilo na kuuita ushauri wake wa masharti. Isitoshe, ilieleza waziwazi kwamba ushauri huo hauwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Sentensi hii ndiyo iliyomhusu mgonjwa wa Kayole kuliko zote, nayo ndiyo inayosahaulika upesi katika kusimuliana.

Tangazo la pili lilihusu aspatami na saratani. Mnamo Juni 29, 2023 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba IARC ilikuwa karibu kuiweka aspatami katika kundi la vitu vinavyoweza kuleta saratani. Matokeo yenyewe yalitangazwa Julai 14. Kwa wiki mbili, dunia ilijadili uamuzi ambao haukuwa umetolewa rasmi.

Siku hiyo ya Julai 14 taasisi mbili zilizungumza pamoja. IARC, yenye makao yake Lyon, Ufaransa, iliiweka aspatami katika kundi la 2B, yaani ushahidi uliopo ni finyu. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa WHO na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO), ijulikanayo kama JECFA, iliamua kwamba hapakuwa na sababu ya kubadilisha kiwango kilichokubalika cha matumizi.

Wengi waliona hapo mgongano, lakini taasisi hizo hujibu maswali tofauti. Mfano ni waya wa stima uliopita juu ya paa. IARC huuliza: je, waya huu unaweza kuua? JECFA huuliza: kwa jinsi ulivyofungwa na umbali wako, je, u hatarini? Jibu la kwanza laweza kuwa 'ndiyo' na la pili 'hapana', na yote mawili yakawa kweli.

Aidha, makundi ya IARC hupima uzito wa ushahidi, si ukali wa madhara. Katika kundi la 2B imo pia dondoo ya jani zima la mshubiri, mmea ambao wengi huutumia kama dawa. Nyama iliyosindikwa, zikiwemo soseji na smokie zinazouzwa kando ya barabara kila jioni, iko kundi la kwanza tangu 2015 pamoja na tumbaku. Hiyo haimaanishi kwamba smokie moja ni sawa na sigara. Maana yake ni kwamba wataalamu wana hakika zaidi kuihusu kuliko walivyo kuhusu aspatami.

PIMA KIASI

Habari isiyotaja kiasi haijakamilika. Kiwango cha aspatami kilichokubaliwa na JECFA ni hadi miligramu 40 kwa siku kwa kila kilo ya uzani wa mwili. WHO ilitoa mfano wa kopo la soda lenye miligramu 200 hadi 300: mtu mzima wa kilo 70 angehitaji kunywa zaidi ya makopo 9 hadi 14 kwa siku ili akivuke kiwango hicho.

Hesabu hiyo hubadilika mnywaji akiwa mtoto. Mwenye kilo 20 ana kiwango cha miligramu 800, yaani kati ya makopo mawili na nusu na manne. Mzazi anayempa mwanawe vinywaji hivyo mfululizo akidhani amemwepusha na sukari hana budi kukumbuka hesabu hii. Maji bado ndiyo kinywaji bora kwa mtoto.

Kuna pia watu wachache wanaozaliwa na maradhi ya fenilketonuria, ambao miili yao haiwezi kukivunja kiini kimoja kilichomo ndani ya aspatami. Hao hawapaswi kuitumia hata kidogo.

ANAYEUGUA KISUKARI

Kwa mgonjwa wa kisukari, viongeza utamu vilivyoidhinishwa vinaweza kumsaidia kupunguza sukari katika chai au soda, kwani vyenyewe havipandishi sukari ya damu kama ifanyavyo sukari ya kawaida. Lakini si dawa, na havichukui nafasi ya tembe, insulini, mlo uliopangwa wala mazoezi.

Biskuti zilizoandikwa 'bila sukari' bado zina unga wa ngano, na unga hugeuka sukari mwilini. Asali na sukari guru, ambazo wengi huambiwa kuwa ni salama kwa sababu hazikutoka kiwandani, hupandisha sukari ya damu.

Lipo jambo moja ambalo kila familia yenye mgonjwa yafaa ilijue, kwa kuwa ni suala la uhai. Mgonjwa anayetumia insulini au baadhi ya tembe anaweza kushukiwa na sukari ya damu kupita kiasi. Hutetemeka, hutokwa jasho, huhisi njaa ya ghafla na huanza kuchanganyikiwa. Wakati huo soda isiyo na sukari haitamfaa kitu. Anahitaji sukari halisi: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa ndani ya maji, au nusu ya chupa ya mililita 300 ya soda ya kawaida.

Apimwe tena baada ya dakika 15, na kama hajapata nafuu arudiwe. Akishapata nafuu ale chakula. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe chochote mdomoni, akimbizwe hospitalini.

Yule aliyesadiki kwamba sukari ni sumu na sukari bandia ni tiba anaweza kumpa mgonjwa chupa isiyofaa katika saa hiyo. Hapo ndipo habari potovu hugharimu maisha.

NANI AMEGHARAMIA?

Msomaji makini huuliza pia fedha za utafiti zimetoka wapi. Mwaka wa 2016 jarida la PLoS ONE lilichapisha uchambuzi wa mapitio 31 kuhusu viongeza utamu na uzani. Kati ya mapitio manne yaliyofadhiliwa na watengenezaji wa viongeza hivyo, matatu yalitoa matokeo ya kuvisifu. Kati ya 23 ambayo hayakufadhiliwa na sekta hiyo wala washindani wake, ni moja tu lililofanya hivyo.

Lakini wauzaji wa sukari nao si malaika. Mwaka uo huo, jarida la JAMA Internal Medicine lilifichua nyaraka zilizoonyesha kwamba wakfu wa utafiti wa sekta ya sukari ya Marekani uliwalipa watafiti wa Harvard kwa ajili ya makala yaliyochapishwa 1967, ambayo yalielekeza lawama za maradhi ya moyo kwenye mafuta na kuipunguzia sukari. Kila upande una chake cha kuuza.

Kauli ya mkubwa serikalini pia si cheti cha maabara. Mnamo Juni 2018, Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Fred Matiang'i, alisema sukari ya magendo iliyonaswa ilikuwa na zebaki na shaba. Mwenzake wa Viwanda na Biashara, Adan Mohamed, aliwaambia wabunge kwamba vipimo havikuonyesha zebaki. Mwananchi aliachwa njia panda, asijue amwage sukari au aikoroge chaini. Funzo ni kwamba kinachotakiwa ni matokeo ya vipimo: nani alipima, alipima sampuli ngapi, na alipata nini.

PA KUULIZA MTAANI

Hatua ya kwanza ni kupimwa. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaozuru nyumba kwa nyumba walikabidhiwa mikoba ya vifaa kuanzia 2023, kikiwemo cha kupima sukari ya damu. Vituo vya afya vya umma, kama vile vya Bahati, Jericho na Kayole, na Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, vina wahudumu wanaoweza kueleza matokeo na kumpeleka mgonjwa kwa mtaalamu wa lishe.

Cheo cha mtaalamu wa lishe kinalindwa na sheria iliyopitishwa 2007, ambayo iliunda Taasisi ya Wataalamu wa Lishe na Vyakula Tiba (KNDI). Anayejiita mtaalamu hana budi kuwa amesajiliwa, na si utovu wa adabu kumuuliza namba yake ya usajili. Swali hilo huwaumbua upesi wale wanaopanda matatu wakiuza chupa ya 'dawa ya sukari' isiyo na jina la mtengenezaji.

Kuhusu bidhaa dukani, tazama alama ya Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS). Namba ya kibali iliyo chini ya alama hiyo inaweza kuthibitishwa kwa kuandika SM# ikifuatwa na namba yenyewe na kuituma kwa ujumbe mfupi hadi 20023. Kumbuka tu kwamba alama hiyo huthibitisha bidhaa imetimiza viwango. Haisemi kwamba unaihitaji.

Kwa anayetaka kusoma mwenyewe, miongozo ya WHO na ripoti za IARC na JECFA hupatikana bila malipo kwenye tovuti zao. Asiye na njia nyingine anaweza kufika kwenye maktaba za umma za Kaloleni, Makadara au Buruburu na kumwomba mkutubi msaada wa kutafuta. Ni heri kusoma muhtasari wa kurasa mbili wa taasisi yenyewe kuliko kusikiliza masimulizi 20 ya waliosimuliwa.

Kupata habari hizi si hisani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata maelezo anayohitaji ili anufaike nayo. Lebo isiyosomeka ni suala la kulalamikia kwa KEBS.

MASWALI SITA

Habari yoyote kuhusu sukari bandia ikikufikia, iwe kwa simu, redioni au kutoka kwa jirani, iulize maswali haya:

1. Ni kiongeza kipi? Kitajwe kwa jina au namba.

2. Ni kiasi gani, na kwa mtu wa uzani upi?

3. Waliochunguzwa ni panya au ni watu, na walifuatiliwa kwa muda gani?

4. Inamhusu nani: mtu mwenye afya, mtoto, au mgonjwa wa kisukari?

5. Nani amesema, lini, na nani aligharamia?

6. Je, ananiuzia kitu?

Habari ikishindwa kujibu hata matatu kati ya hayo, usiisambaze na usibadilishe dawa wala mlo kwa ajili yake. Inakili, uende nayo kwa mhudumu wa afya au mfamasia, umuulize. Kuuliza si ujinga.